Slivu, baipasi, pete au baluni: kuchagua operesheni ya kupunguza uzito kwa mtu anayeishi Lubumbashi

Mtu akianza kuulizia operesheni ya kupunguza uzito, neno la kwanza huwa "nitapoteza kilo ngapi?" Ni swali la haki, ila kwa mkaaji wa Lubumbashi si la kwanza. La kwanza ni hili: operesheni ikileta shida saa nane za usiku, miaka mitatu baada ya kufanywa, ni nani hapa mjini atakayeitambua, na kwa vifaa gani? Kila aina ina ubaya wake, na kila ubaya una msimu wake. Mwingine huja wiki ya kwanza, ukiwa bado karibu na daktari aliyekupasua. Mwingine hungoja mpaka umeshasahau kwamba uliwahi kupasuliwa. Tofauti hiyo ina uzito kuliko kilo tano za juu au za chini.

Nani anahesabiwa

Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako kwa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huo huo. Jibu ndiyo IMC, kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu. Mama wa kilo 112 mwenye mita 1.62 anapata 42.7. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 1991 ulidai IMC 40, au 35 yenye ugonjwa juu yake. Mwaka 2022 chama cha Marekani cha madaktari wa upasuaji huu na shirikisho lao la kimataifa walishusha kipimo: 35 inatosha hata bila ugonjwa, na kuanzia 30 operesheni inafikiriwa kwa mwenye sukari au ugonjwa mwingine unaotokana na uzito. Chini ya hapo, anayekukubalia haraka anafuata pesa yako.

Tumchukue huyo mama wa kilo 112. Hesabu za jedwali hapa chini ni wastani wa mwaka wa kwanza au wa pili. Wapo wanaopita hapo na wapo wasiofika.

| Aina | Anaweza kupoteza | Shida kubwa, na wakati wake | Inarudishwa? |
|---|---|---|---|
| Baluni | kilo 11 hivi | kutapika wiki ya kwanza. Uzito kurudi | ndiyo, ni ya miezi michache |
| Kushona mfuko kwa kamera ya mdomoni | kilo 17 hivi | nyuzi kulegea | kwa kiasi |
| Pete | kilo 17 hadi 22, kama inafuatiliwa vizuri | kuteleza au kula ukuta wa mfuko, miaka baadaye | ndiyo |
| Slivu | kilo 28 hivi | kuvuja wiki 2 za kwanza. Kiungulia cha miaka | hapana |
| Baipasi ya Roux | kilo 33 hivi | utumbo kunyongeka, kidonda, upungufu wa vitamini, miaka yote | kwa shida sana |
| Swichi | kilo 40 au zaidi | utapiamlo | kwa shida sana |

Slivu

Daktari hukata mfuko wa chakula kwa urefu na kutoa kabisa robo tatu au hata asilimia 80 yake. Kinachobaki ni bomba jembamba la mililita 100 hadi 150. Ili asilibane kupita kiasi, hupitisha mdomoni mrija wa kupimia, mara nyingi namba 34 hadi 40 (namba 36 ina unene wa milimita 12), kisha hukata kando yake kwa mashine inayokata na kufunga kwa pini za titani. Huanzia sentimita 2 hadi 6 kutoka mlango wa chini wa mfuko. Utumbo hauguswi. Sehemu inayotolewa ndiyo iliyokuwa ikitoa homoni nyingi ya njaa, ndiyo maana miezi ya mwanzo wengi hukaa bila hamu ya kula.

Kwa mtu wa huku, uzuri wa slivu ni kwamba haikuachii njia mpya tumboni. Fibroskopi, ile kamera ya kupitishwa mdomoni, bado inaona mfuko wote. Vidonge vinafyonzwa karibu kama zamani. Utumbo haupati tundu la kujinyonga baada ya miaka.

Ubaya wake wa kwanza ni kuvuja. Mstari wa pini ni mrefu, na kule juu kabisa, karibu na koo la chakula linapoingia, damu hufika kidogo. Tena mlango wa chini bado unafunga kama kawaida, basi presha ndani ya bomba ni kubwa na husukuma penye udhaifu. Kwa timu zilizozoea, kuvuja humpata karibu mtu 1 katika 100. Shida ni kwamba mara nyingi huonekana mgonjwa akiwa ameshatoka hospitali, kati ya siku ya 5 na ya 14. Moyo unaopiga zaidi ya mara 120 kwa dakika, homa, maumivu ya bega la kushoto, pumzi fupi: hiyo ihesabiwe kuwa kuvuja mpaka skana iseme hapana. Hapa kwetu homa hupewa jina la malaria kabla kipimajoto hakijatoka kwapani, na siku mbili za vidonge vya malaria zikipita juu ya mfuko unaovuja, usaha unakuwa umejaa chini ya mbavu. Kuvuja kwa slivu ni kugumu kuziba; kunaweza kuhitaji mirija ya kutoa usaha, bomba la kuziba kwa ndani, na wiki nyingi za kulishwa kwa njia nyingine. Kwa hiyo anayefanyiwa nje ya nchi asipande ndege ya kurudi kabla ya wiki 2.

Ubaya wa pili ni kiungulia. Katika utafiti wa Uswisi uliolinganisha slivu na baipasi kwa miaka 5, kwa wale waliokuwa na kiungulia kabla, kilizidi kwa asilimia 32 hivi ya waliofanyiwa slivu, dhidi ya asilimia 6 hivi ya baipasi. Wengine hukipata upya ilhali hawakuwa nacho. Wapo wanaokunywa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, miaka yote, na wapo wanaorudishwa mezani kugeuzwa kuwa baipasi. Ndiyo sababu fibroskopi kabla ya slivu si anasa. Ikionyesha koo lililochubuka vibaya kwa asidi, au ngozi ya koo iliyokwisha kubadilika, slivu iondoke kwenye orodha, hata kama ndiyo ya bei nafuu.

Baipasi ya Roux

Hapa hakuna kinachotupwa. Mfuko mdogo wa mililita 30 hivi hutengwa juu. Uliobaki huachwa mahali pake, ukiwa hai lakini haupitishi chakula. Utumbo mwembamba hukatwa, kipande kimoja cha sentimita 100 hadi 150 hupandishwa na kushonwa kwenye kile kifuko, na kipande kinacholeta nyongo na maji ya kongosho huungwa chini. Mishono ya kuunganisha ni miwili. Chakula huruka sehemu ya kwanza ya utumbo, ambako madini ya chuma na kalsiamu hufyonzwa zaidi.

Kwa mwenye sukari ndiyo yenye nguvu zaidi kati ya hizi mbili kubwa, ingawa si kwa mbali. Utafiti wa Marekani uitwao STAMPEDE uliangalia wenye sukari miaka 5 baadaye: waliofikisha kipimo cha sukari ya miezi mitatu (HbA1c) kwenye asilimia 6 au chini walikuwa asilimia 29 kwa baipasi, 23 kwa slivu, na 5 tu kwa dawa peke yake. Ona pia upande wa pili wa hesabu hiyo: wengi hawakufika hapo. Anayekuahidi kwamba sukari "itaisha" anakuuzia. Sukari ikiwa ya miaka kumi na zaidi, tena inatibiwa kwa insulini, matumaini hupungua. Kiungulia nacho hupona vizuri kwa baipasi, maana asidi haina tena njia ya kupanda.

Sasa malipo yake. Kwanza, utumbo kunyongeka. Kupandisha kipande cha utumbo huacha matundu mawili kwenye utando unaoushikilia. Mtu akikonda, mafuta yaliyokuwa yameziba matundu hayo huyeyuka, na utumbo unaweza kupenya na kujisokota, mwaka mmoja au mitano baadaye. Maumivu huja baada ya kula, huondoka, hurudi makali. Picha zinaweza kuonekana safi. Dawa yake ni daktari mpasuaji kuingia na kuangalia, na kwa saa chache, si kesho. Uliza kabla: matundu yote mawili yatafungwa kwa uzi usioyeyuka? Utafiti mkubwa wa Uswidi wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kuyafunga kulipunguza operesheni za kurudia kwa sababu ya utumbo kuziba kutoka asilimia 10 hivi hadi 5.5 ndani ya miaka 3. Mama mwenye baipasi akibeba mimba, maumivu ya juu ya tumbo yasipewe jina la asidi bila kuchunguzwa, kwa kuwa mji wa mimba unapokua huusukuma utumbo.

Pili, kidonda kwenye mshono wa juu. Kinacholeta ni sigara, bakteria wa mfuko wa chakula (Helikobakta), na zile dawa za maumivu ambazo kila famasia ya mtaani inakupa bila karatasi: diklofenaki, ibuprofeni, indometasini, aspirini. Baada ya baipasi, maumivu ni parasetamoli. Mwenye goti bovu anayeishi kwa diklofenaki na anajua hataiacha, achague slivu. Bakteria wapimwe na kutibiwa kabla ya operesheni, kwa siku 14. Na omeprazoli isimamishwe wiki 2 kabla ya kipimo, la sivyo jibu linaweza kudanganya.

Tatu, vitamini, na hizi ni za maisha. Kila siku: kidonge cha vitamini mchanganyiko, madini ya chuma miligramu 45 hadi 60, kalsiamu miligramu 1200 hadi 1500 ikigawanywa mara 2 au 3, vitamini D yuniti 3000, na vitamini B12 mikrogramu 350 hadi 1000, au sindano ya mikrogramu 1000 kila mwezi. Sindano ya B12 ndiyo inayofaa zaidi huku, kwa kuwa haitegemei kukumbuka. Kalsiamu iwe ya sitrati, kwani ile ya kabonati hutaka asidi ambayo kifuko hakina. Chuma na kalsiamu visimezwe pamoja, viachane saa 2. Anayekunywa dolutegravir ya virusi vya Ukimwi aimeze saa 2 kabla ya vidonge hivyo au saa 6 baada yake. Vyote vikimezwa pamoja tumbo tupu, dawa haifyonzwi vizuri. Piga hesabu ya vidonge hivi vyote kwa dola kwa mwezi, kwenye famasia yako, kabla ya kulipia operesheni. Kama hesabu hiyo haiwezekani miaka kumi, baipasi haiwezekani.

Nne, pombe na sukari. Munkoyo yenye sukari nyingi, au fanta baridi, inaweza kukuletea jasho, moyo kwenda mbio na kuhara ndani ya nusu saa, kisha sukari kuanguka saa 1 hadi 3 baadaye. Bia moja ya Simba hupanda kichwani kama mbili au tatu, na haraka. Lutuku ndiyo usiiguse. Utegemezi wa pombe huongezeka baada ya baipasi, hata kwa watu ambao zamani hawakuwa walevi; mwenye historia hiyo aseme ukweli kwa daktari wake.

Baipasi ya mshono mmoja

Wengi huiita baipasi ndogo, ingawa udogo wake ni wa saa za operesheni tu. Kifuko ni kirefu zaidi na mshono wa kuunganisha ni mmoja, sentimita 150 hadi 200 kutoka mwanzo wa utumbo. Uzito unaopungua unalingana na wa Roux. Lakini nyongo hupita karibu na kifuko na kwa baadhi ya watu hupanda, uchungu mdomoni usiku. Na kipande kikifika sentimita 200, utapiamlo huongezeka. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2019 ulitumia sentimita 200 na ukaona shida za lishe zaidi kuliko Roux. Ukipewa hii, taka 150.

Swichi

Ni slivu pamoja na kurukwa kwa sehemu kubwa sana ya utumbo. Inapunguza kuliko zote, na inafikiriwa hasa kwa IMC ya 50 na kuendelea. Inadai protini gramu 90 au zaidi kila siku, vitamini A, D, E na K, na vipimo vya damu ambavyo si kila labo inafanya. Kwa mtu wa Lubumbashi hatuipendekezi. Mwenye IMC 55 anaweza kuanza na slivu, apunguze, kisha hatua ya pili ijadiliwe baada ya mwaka na nusu.

Pete, baluni na kushona

Pete ya silikoni hufungwa juu ya mfuko wa chakula na kuunganishwa na kidude chini ya ngozi, ambacho hudungwa sindano ili kuongeza au kupunguza maji. Inaonekana ya upole: hakuna kinachokatwa. Kumbe ndiyo inayotaka daktari karibu kuliko zote. Mwaka wa kwanza hurekebishwa mara nyingi, na ikikaza ghafla ukashindwa hata kumeza mate, maji yatolewe siku hiyo hiyo, kwa sindano maalumu isiyokata mpira wa kidude. Sindano ya kawaida huutoboa na pete huanza kuvuja. Sehemu kubwa ya pete huishia kutolewa. Ulaya imeiacha kwa kiasi kikubwa. Ukikuta mahali bado inauzwa kwa bidii, jiulize kwa nini.

Baluni huingizwa kwa fibroskopi na kujazwa maji ya chumvi mililita 400 hadi 700, hukaa miezi 6 na kutolewa. Zipo pia za kumeza, ambazo hupasuka na kutoka zenyewe baada ya miezi 4 hivi. Siku 3 hadi 7 za kwanza ni kichefuchefu na kutapika. Omeprazoli hunywewa muda wote. Maji yake huwekwa rangi ya buluu: mkojo ukigeuka wa kijani au buluu, baluni imetoboka na inaweza kuziba utumbo, nenda siku hiyo. Tarehe ya kuitoa haisogezwi kwa sababu ya safari au pesa. Kilo nyingi hurudi. Inafaa kumpunguza mtu mzito sana kabla ya operesheni kubwa, au anayehitaji kilo 10 kwa sababu maalumu.

Kushona mfuko kupitia mdomoni hupunguza asilimia 15 hivi ya uzito. Sindano za kila wiki za semaglutidi hufikia karibu hapo hapo mradi hujaziacha. Ukiacha, uzito hurudi. Zinahitaji friji, na kwa umeme unaokatika hilo ni jambo la kupangia.

Basi uchague ipi?

Huna kiungulia kikubwa, huna sukari ya muda mrefu, unasafiri sana kwenda Likasi au Kolwezi, na vitamini unajua utazisahau: slivu. Una kiungulia kikali: baipasi ya Roux, na bajeti ya vitamini iwe tayari. Una sukari ya miaka michache: baipasi ina faida kidogo, lakini tofauti ni ndogo kiasi kwamba kiungulia, sigara na diklofenaki viamue. Huwezi kuacha sigara: slivu, au ungoja. Una ugonjwa wa utumbo kama Krohn, au tumbo limeshapasuliwa mara nyingi: slivu. Una siko-seli: operesheni yoyote hudai maandalizi ya damu, oksijeni na maji, na timu iliyowahi kufanya hivyo, elektroforesi, kipimo cha damu kinachoonyesha siko-seli, ifanywe kabla kwa yeyote asiyejua hali yake.

Mwenye kukoroma na kuamka akihema apimwe usingizi. Ikiwa anahitaji mashine ya pumzi, aitumie wiki kadhaa kabla, na nyumbani awe na betri.

Chakula, aina yoyote utakayochagua

Wiki 2 kabla: punguza wanga na mafuta kabisa, ili ini lisinyae na daktari apate nafasi ya kupitisha vyombo. Baada: vimiminika wiki 1 hadi 2, vilivyosagwa mpaka wiki ya 4, laini mpaka ya 6 au ya 8, kisha vya kawaida. Protini gramu 60 hadi 80 kwa siku ndiyo huliwa kwanza. Yai moja lina gramu 6, kikombe cha maziwa 8, gramu 50 za kapenta kavu zilizotwangwa zinakaribia 30. Bukari ndiyo inayokwama: ni nzito, hushikana, na hujaza nafasi ya protini. Ikirudi mezani, iwe tonge mbili ndogo mwishoni. Sombe itwangwe sana. Maji lita 1 na nusu kwa siku, kidogo kidogo, lakini si pamoja na chakula. Ngoja nusu saa.

Sukari na tansio hubadilika haraka. Glibenklamidi, kidonge cha sukari, mara nyingi husimamishwa na insulini hupunguzwa tangu wiki ya kwanza. Dawa za kukojoza hukausha mwili usiokunywa vya kutosha. Vidonge vya kufyonzwa polepole vibadilishwe. Mawe ya nyongo huja kwa wanaokonda haraka, na asidi ya ursodeoksikoli kwa miezi 6 hupunguza hatari. Mimba isubiri miezi 12 hadi 18, na kwa baipasi vidonge vya uzazi wa mpango visiaminiwe. Kipandikizi au kitanzi ni bora. Mama aliyekuwa hashiki mimba kwa sababu ya uzito hushangaa jinsi inavyokuja upesi.

Kuna jambo moja ambalo familia nzima ilijue. Aliyefanyiwa operesheni hizi akitapika wiki 2 au 3 mfululizo, vitamini B1 huisha mwilini. Kwenye kituo cha afya, kitu cha kwanza kutundikwa huwa serumu ya glukozi, na glukozi bila B1 inaweza kuharibu ubongo: macho kucheza, kuyumba, kuchanganyikiwa. B1 ya mshipa itangulie, angalau miligramu 200 mara 3 kwa siku, glukozi ifuate. Mkiona haikuandikwa, sema kwa heshima lakini sema: "Daktari, huyu alipasuliwa mfuko wa chakula, tunaomba B1 kwanza."

Ukifanyiwa nje

Wengi wa hapa hutazama Afrika Kusini, India, Tunisia au Uturuki. Bei unayopewa, uliza kama ina fibroskopi, siku za chumba cha uangalizi mahututi zikihitajika, na kurudishwa mezani. Uliza daktari mwenyewe amefanya ngapi za aina hiyo mwaka uliopita. Ukirudi kwa gari kupitia mpaka wa Kasumbalesa, kukaa saa nyingi nyuma ya msururu wa malori kunaweza kugandisha damu ya miguu: shuka, tembea kila saa, vaa soksi za kubana, na usikatishe sindano za enoksaparini, za kuzuia damu kuganda, kabla ya siku uliyopewa, kwa wenye hatari kubwa huendelea mpaka wiki 4.

Rudi na ripoti ya operesheni iliyoandikwa kwa Kifaransa, si karatasi ya kutoka hospitali tu. Iwe na namba ya mrija wa kupimia kwa slivu. Urefu wa kila kipande cha utumbo kwa baipasi, na kama matundu yalifungwa. Peleka nakala kwa daktari mpasuaji mmoja wa Lubumbashi uliyezungumza naye kabla ya kusafiri, na upange naye vipimo vya mwezi wa 3, wa 6 na wa 12, kisha kila mwaka: hemoglobini, feritini, B12, vitamini D, kalsiamu na albumini. Nakala ya pili ikae kwenye simu yako, na ya tatu kwenye simu ya mtu unayelala naye nyumba moja.